Hesabu miiba kabla ya kutaja jina

Kabla ya kumtazama samaki, andika ametoka maji gani. Kwa Uganda swali hilo moja hufuta majina mengi hata kabla hujashika rula. Maporomoko ya Murchison ni mpaka wa kweli. Chini yake, katika Ziwa Albert na Nile ya Albert, yumo Hydrocynus mwenye meno yanayoonekana hata akifumba mdomo, yumo angara, yumo kambare wa umeme, yumo na Polypterus mwenye safu ya vipezi vidogo mgongoni. Juu ya maporomoko, katika maziwa Kyoga na Victoria, hao hawapo. Sangara, yaani mputa, asili yake naye ni huko chini; wa Kyoga na Victoria walipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Kusini-magharibi, Mto Semliki una mikondo ya miamba inayoyatenga maziwa Edward na George na Ziwa Albert, ndiyo maana Edward haina sangara. Ukiletewa sangara pale Katwe, kando ya Ziwa Edward, usikimbilie kuandika ugunduzi. Uliza kwanza barafu yake imetoka mwalo gani.

Hata umbali mdogo una maana. Nabugabo limetengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga tu, lakini lina nkejje, samaki wadogo wa jamii moja na ngege (tilapia), wasiopatikana Victoria. Kwa hiyo neno "Victoria" peke yake kwenye daftari halitoshi: andika mwalo, kina cha maji, aina ya chombo, ukubwa wa matundu ya wavu, tarehe na saa. Wavu wa matundu madogo unaleta samaki wachanga, na mchanga ana sura yake. Sangara mdogo, kwa mfano, ana mabaka ya kahawia na hafanani hata kidogo na yule wa fedha anayelazwa kwenye mizani.

Baada ya mahali, tafuta familia, na familia inatafutwa kwa vidole. Chukua samaki wa jamii ya ngege, weka lenzi puani: kila upande ana tundu moja la pua. Fuata mstari wa ubavu: umekatika vipande viwili, cha juu mbele na cha chini kuelekea mkiani. Sangara ana matundu mawili kila upande, na mstari wake unakwenda bila kukatika hadi ndani ya pezi la mkia. Alama hizo mbili hazififii kwenye barafu wala kwenye dawa, na zinamtambulisha hata samaki aliyekwisha pauka kabisa.

Ngege ndiye anayetuharibia takwimu kuliko samaki mwingine yeyote. Kwenye beseni moja katika mwalo wa Masese au Ggaba jina hilo linaweza kubeba spishi tano. Oreochromis niloticus, Oreochromis leucostictus na Coptodon zillii waliletwa. Oreochromis esculentus na Oreochromis variabilis ndio wenyeji, na leo wenyeji hao wanapatikana zaidi katika maziwa madogo yaliyo pembezoni mwa Kyoga na yale ya Koki. Ukiwaandika wote "ngege", umemfuta mwenyeji kwenye kumbukumbu akiwa bado yu hai.

Anza na mkia. Utandaze kwa vidole viwili na uulowanishe. Mistari myembamba ya wima iliyojaa pezi zima, kuanzia shina hadi ncha, ni alama ya niloticus. Variabilis mkubwa ana ukingo wa rangi ya chungwa iliyoiva kwenye pezi la mgongo na la mkia. Leucostictus ana madoadoa meupe mwilini, lakini hayo hufifia haraka akishakufa, kwa hiyo yatafute kwenye mtumbwi kabla hayajafika sokoni. Zillii ana kifua chenye wekundu na doa jeusi mwanzoni mwa sehemu laini ya pezi la mgongo. Hapa wengi huteleza: Oreochromis wachanga nao wana doa hilo, kisha linapotea wanapokua. Samaki wa sentimeta 6 mwenye doa hajathibitisha chochote.

Ndipo tunapohamia kwenye hesabu. Miiba ya pezi la mgongo: niloticus ana 16 hadi 18, mara nyingi 17, zillii ana 14 hadi 16. Hesabu kutoka mbele kwa ncha ya sindano, ukianza na mwiba wa kwanza ambao ni mfupi na mara nyingi umejificha chini ya ngozi. Ukikosa huo, hesabu yote imekwenda kombo. Mwishoni mwa miiba, inua pezi uliangalie dhidi ya mwanga: mwiba ni mfupa mmoja usio na vipingili, wakati mshipa laini wa pezi una vipingili na kwa kawaida hugawanyika matawi. Mishipa laini miwili ya mwisho ikitoka shina moja, ihesabu kuwa mmoja.

Niloticus na zillii wakikupa 16 wote wawili, fungua shavu. Inua kifuniko cha matamvua upande wa kulia, kata kwa mkasi mwembamba upinde wa kwanza juu na chini, uutoe, uuweke kwenye kisahani chenye maji. Upande wa ndani una vijino vya kuchujia chakula. Anza pale upinde unapopinda, hesabu kushuka chini. Zillii, anayekula majani ya majini, ana 8 hadi 11. Niloticus ana karibu 20 au zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea kijino kimoja jibu halibadiliki, na kwa sababu hiyo tunaiamini kuliko rangi yoyote. Upande wa kulia hukatwa ili wa kushoto ubaki mzima kwa picha. Ni desturi ya wanaofanya kazi hii kila mahali, na ukiifuata picha zako zitalinganishwa na za wengine bila taabu.

Halafu wapo machotara. Niloticus na esculentus huzaliana, na vipimo vya vinasaba vimelithibitisha hilo. Ukipata samaki mwenye mwili wa esculentus na mistari ya mkiani iliyokatika nusu njia, usimlazimishe kuingia upande mmoja. Andika "Oreochromis, huenda ni chotara", kata kipande cha pezi la kifua cha milimita 5, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 na namba ileile ya samaki. Jina linaweza kusubiri maabara. Kipande cha pezi kisipokatwa siku hiyo hakipatikani tena.

Nkejje wanadai uvumilivu zaidi. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na spishi zaidi ya 500 za samaki hawa, na nyingi zilipungua vibaya au kutoweka sangara alipoongezeka miaka ya 1980. Pitisha kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani: magamba ya nkejje wengi hukwaruza, ya ngege ni laini. Dume ana madoa ya manjano au chungwa kwenye pezi lililo nyuma ya tundu la haja. Mtazame meno kwa lenzi, safu ya nje. Meno ya ncha moja iliyochongoka ni ya wala samaki. Ya ncha mbili au tatu, yaliyobanana, ni ya wakwangua mwani mawe. Mmoja ni rahisi: Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono, ambaye kwenye pezi hilo la nyuma huwa na miiba 4 au zaidi badala ya 3 ya kawaida. Kwa waliobaki, jina la spishi hutegemea sana rangi ya dume aliye hai, na rangi hiyo hubadilika dakika chache baada ya kutolewa majini. Mpige picha akiwa kwenye kisanduku cha kioo chenye maji ya ziwa. Jike asiye na dume wake pembeni, kwa maoni yetu, aishie kwenye jina la kundi. Orodha yenye "nkejje, spishi haijajulikana" kumi na tano ina faida kwa atakayekuja nyuma. Orodha yenye majina kumi na tano ya kubahatisha itampoteza.

Kambare wanagawanyika upesi. Clarias ana pezi moja refu la mgongo linalokwenda karibu hadi mkiani, hana pezi la mafuta (pezi la nyama lisilo na mishipa, nyuma ya lile la mgongo), na mkia ni wa mviringo. Semutundu, Bagrus docmak, ana pezi fupi la mgongo, kisha pezi refu nene la mafuta, na mkia uliogawanyika sana. Nkolongo, yaani Synodontis, ana jozi tatu tu za sharubu, na zile za taya la chini zina matawi. Miiba yake ina meno ya msumeno, basi mshike kwa kitambaa. Nembe, Schilbe, ni bapa, pezi la mgongo ni dogo sana na lile la nyuma ya tundu la haja ni refu mno. Kamongo hachanganywi na yeyote: mapezi yake ya pembeni ni kama nyuzi. Kwenye fungu la mukene, yaani dagaa, chagua vidagaa vyenye miiba mgongoni uvitenge. Mukene hana mwiba, na pezi lake la mgongo liko nyuma sana. Wenye miiba ni watoto wa nkejje.

Urefu upimwe kwa namna mbili. Urefu wote, hadi ncha ya mkia, ndio wanaoutaka wakaguzi wa uvuvi. Urefu wa kitaalamu unaishia pale mifupa ya mkia inapoishia: pinda mkia taratibu na utaona mkunjo unapojitokeza, hapo ndipo mwisho. Tunautumia huo katika kulinganisha kwa sababu mapezi ya mkia huliwa na nyavu na panya wa ghalani.

Vyura wanatafutwa usiku, mvua zinapoanza, kwa tochi ya kichwani. Kila chura mfuko wake mpya wa plastiki wenye maji kidogo, hapana kuwachanganya: ngozi zao zinatoa sumu, na mmoja anaweza kumuua mwenzake njiani. Sababu nyingine ni kuvu ya Batrachochytrium, inayoua vyura, ambayo imeshathibitishwa kwa vyura wa magharibi mwa Uganda. Ukitoka bwawa moja kwenda jingine, sugua kwanza matope kwenye buti, kisha tumia dawa ya klorini, kisha kausha. Ukimwaga klorini juu ya matope unapoteza dawa bure, kwani matope huidhoofisha.

Mshike chura kwa kiuno na utazame mboni. Hyperolius, vyura wadogo wa matete, wana mboni ya mlalo. Afrixalus na Leptopelis ni ya wima. Usiku mboni hutanuka ikawa kama duara, kwa hiyo mmulike kutoka pembeni na usubiri ijikaze ndipo uandike. Afrixalus na Leptopelis hutenganishwa na sikio: Leptopelis ana ngoma ya sikio inayoonekana wazi na macho makubwa. Kisha miguu. Phrynobatrachus, vyura vidogo vya madimbwi, wana kinundu katikati ya kipande cha mguu kilicho kati ya kisigino na wayo. Arthroleptis, anayefanana naye kwenye majani makavu ya msitu, hana utando kati ya vidole na ana mstari mwembamba wa ngozi katikati ya mgongo. Ptychadena ana pua iliyochongoka na matuta marefu mgongoni. Xenopus, chura wa majini, ana kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya ndani vya mguu wa nyuma, hana ulimi, na ubavuni ana alama kama mishono ya fundi cherehani. Hemisus ana pua ngumu ya kuchimbia, na huchimba kwa kichwa.

Kwa vyura wenye tezi nene nyuma ya macho, geuza paja. Sclerophrys gutturalis ana wekundu ndani ya paja na alama ya msalaba mweupe mbele ya kichwa. Sclerophrys regularis hana wekundu huo. Hapo rangi inasaidia kweli. Kwa Hyperolius viridiflavus haisaidii: wapo wenye mistari, wenye madoa, wenye rangi moja, na mchanga hafanani na mkubwa. Kwake rekodi sauti. Dakika moja inatosha, simu ikiwa karibu naye iwezekanavyo, kisha taja kwa mdomo wako mwenyewe mwishoni mwa rekodi: mahali, saa, joto la hewa, na kama uliona koo la chura huyohuyo likivimba. Sauti ya chura ambaye hukumwona akiita isiambatishwe kwa chura uliyemkamata karibu yake.

Nyoka mara nyingi huletwa wakiwa wamekufa na kichwa kimepondwa. Usimshike kwa mkono hata hivyo, maana kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Na mtu akiwa ameumwa, asisubiri nyoka atambuliwe. Apelekwe hospitali mara moja, na kama kuna picha iliyopigwa kwa mbali ifuate baadaye.

Mwili uliobaki unatosha kwa kazi kubwa. Hesabu safu za magamba katikati ya mwili: anza na gamba linalogusa yale mapana ya tumboni, panda kwa mshazari juu ya mgongo, shuka upande wa pili, bila kuhesabu la tumboni. Rudia mahali pengine karibu na hapo. Kwa kawaida utapata namba witiri. Ukipata shufwa, hesabu tena. Halafu angalia kama magamba ni laini au yana mgongo mkali katikati.

Nyoka wa kijani ndio wanaouawa bure kuliko wote. Philothamnus, asiye na madhara, ana safu 13 hadi 15 za magamba laini. Dispholidus, wa hatari, ana 19 hadi 21 zenye mgongo mkali, na jicho lake ni kubwa kupita kiasi. Dendroaspis jamesoni, naye wa hatari, ana magamba laini na safu 15 hadi 17, kwa hiyo hesabu peke yake haimtengi na Philothamnus. Tazama kati ya gamba la pua na gamba lililo mbele ya jicho: Philothamnus ana gamba moja dogo katikati, jamii ya fira na Dendroaspis hawana. Jamesoni wa Uganda pia ana mkia mweusi.

Causus, mwenye sumu, na Dasypeltis, mla mayai asiye na sumu, wote wana mabaka ya kahawia mgongoni na alama ya V nyuma ya kichwa. Causus ana mboni ya duara na magamba laini kama mahameli. Dasypeltis ana mboni ya wima na magamba makali yanayotoa mlio anapojisugua. Kwa nyoka wadogo weusi wanaotoka ardhini baada ya mvua, wageuze kwa kijiti. Tumbo lenye magamba madogo sawa na ya mgongoni ni la Afrotyphlops, nyoka kipofu asiye na madhara. Tumbo lenye magamba mapana, mwili unaong'aa na mkia mfupi wenye ncha: chukulia ni Atractaspis, nyoka mwenye sumu, hadi ithibitike vingine. Huyo hashikwi nyuma ya kichwa na mtu yeyote, hata mzoefu, kwa sababu jino lake hutoka pembeni mdomo ukiwa umefumbwa.

Ngozi iliyovuliwa nayo ina thamani. Rangi imekwenda na urefu umetanuka, lakini idadi ya safu haibadiliki. Ikunjue kwenye maji ya uvuguvugu.

Kwa kobe wa majini, bonyeza ganda la tumbo: Pelusios ana bawaba mbele, Pelomedusa hana. Kobe wa nchi kavu mwenye bawaba nyuma ya ganda la mgongo ni Kinixys. Kwa vinyonga, piga picha ya ubavu, koo na kichwa kutoka juu, na uandike kimo cha mahali kwa mita. Vinyonga vya milima ya Rwenzori na Elgon si walewale.

Kukusanya vielelezo kunahitaji kibali. Utafiti unapitia baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na wanyamapori wanapitia mamlaka ya wanyamapori. Ukishapata, fuata mpangilio huu: picha, kipande cha nyama kwenye ethanoli, halafu formalini. Ukitanguliza formalini umeharibu vinasaba. Changanya sehemu 1 ya formalini ya dukani na 9 za maji, ukiwa nje kwenye upepo, na miwani na glovu. Pasua tumbo upande wa kulia kwa samaki mkubwa, la sivyo ataoza ndani huku nje akionekana mzima. Chura mlaze kwenye trei, tandaza vidole kabla hajakakamaa. Vidole vilivyokunjamana havihesabiki utando. Samaki wadogo wakae siku chache, wakubwa wiki moja hadi mbili, kisha waloweshwe kwenye maji safi yanayobadilishwa kwa siku moja au mbili, ndipo waingie ethanoli ya asilimia 70.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Majina nayo hubadilika: Tilapia zillii amekuwa Coptodon zillii, na fira wa msituni wa Uganda aliyeandikwa Naja melanoleuca tangu 2018 anaitwa Naja subfulva. Jina jipya likija, andika lebo ya pili yenye tarehe na jina la aliyebadilisha, iingize kwenye chupa pamoja na ile ya zamani. Ya zamani isitolewe.